Mzee Anayehesabu Shingo

Juzi nimekaa kwenye benchi la chuma hapa Montreal, makalio yameganda, namsubiri mwanangu amalize mazoezi ya hoki. Uwanja wa pili vijana wa miaka 17 wanacheza mechi. Pembeni yangu mzee mmoja, kahawa mkononi, daftari gotini, macho kwa beki mmoja tu, mwembamba, ambaye mimi sikuona alichofanya. Kumbe kila dogo akigeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kukifuata kile kisahani cheusi, mzee anachora kistari. Nikachungulia: vistari 31. Mechi nzima!

Nikaudhika. Wivu, basi.

Kaka yangu alikuwa mkoba kwenye soka la Tandika, namba tano wa kusoma mchezo. Anamaliza mechi jezi haina vumbi, maana mpira ukifika yeye keshafika. Alipokwenda majaribio kwenye timu moja, siitaji, vijana wamejaa hadi nje ya kamba, kila mtu dakika kumi. Kocha akamwangalia utosi: "Beki gani kafupi hivi?" Akachukuliwa jamaa aliyebutua mipira mitatu hadi barabarani, watu wakashangilia kama kafunga. Mama mpaka leo anasema mwanawe alirogwa.

Ila na hawa wa hoki wasijitape. Drafti ya 2022, siku timu zote 32 za ligi kubwa ya hoki zinapogawana vijana, ilifanyika hapa hapa Montreal. Yakasomwa majina 61 kabla ya kufika kwa beki Lane Hutson. Kosa lake? Mfupi. Msimu wa 2024/25, wa kwanza wake kamili, akakusanya pointi 66 na kubeba tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi. Na madaftari yote yale!

Mtu akinibishia kwamba kitasa lazima awe mnazi, namtajia Dickson Job, beki mfupi. Mtibwa Sugar walimwamini na kimo chake hicho hicho, Yanga wakamfuata 2021. Kaka hapendi mfano huo. "Job alimpata Mtibwa," anasema, "mimi nilimpata mwenye rula."

Jana nikampigia, yuko kijiweni Mbagala na bajaji yake, nikamsimulia habari ya mzee na vistari vyake. Akanyamaza, nikadhani salio limekata.

"Huyo dogo," akauliza, "akigeuka anaanza bega lipi?"

Sikuwa nimeangalia.