Mganga wangu wa ngazi ya 47

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naandika kuhusu mchezo, na wale wasiopenda michezo ya kompyuta wanivumilie kidogo, maana humu ndani kuna habari za mitandao, kuna Lua kidogo, na kuna habari za kwetu Matayos.

Mchezo wenyewe ni World of Warcraft. Ulitoka Marekani Novemba 2004, ukaingia Ulaya Februari 2005. Kwa asiyeujua: unaunda mhusika, unamchagulia fani, unaanza ngazi ya kwanza ukiwa hujui lolote, kisha unapanda kwa kuua mazimwi na kutumwa kazi ndogondogo, hadi ngazi ya 60, ambayo ndiyo ilikuwa dari ya toleo la kwanza. Maelfu ya watu wako ndani ya nchi hiyohiyo kwa wakati mmoja. Fani za toleo hilo ziko tisa. Nyingine zina kazi moja iliyo wazi, kama askari ambaye kazi yake ni chuma tu. Nyingine ni machotara. Mimi nilichagua mganga, yule Waingereza wanamwita shaman: anapiga kwa rungu, anarusha radi, anatibu, anafufua, na anasimika totemu ardhini za kuwapa nguvu wenzake. Kila kitu anakifanya nusu.

Nilimjua mganga huyu miaka mingi kabla ya kumcheza. Mwaka 2006 nilikuwa kijana wa kushinda saiba mjini Busia, shilingi moja kwa dakika. Kuucheza mchezo huu pale ilikuwa ndoto, kwa sababu wakati ule Afrika Mashariki yote ilikuwa bado inaingia kwenye intaneti ya dunia kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako lipande, lishuke, jibu lipande tena, lishuke: ni zaidi ya kilomita 143,000, na mwanga wenyewe huchukua karibu nusu sekunde kuzimaliza, hapo foleni ya saiba hujaihesabu. Kwa hiyo badala ya kucheza nilisoma. Nilihifadhi kurasa za mwongozo wa mganga kwenye flashi, nikawa nazisoma nyumbani kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoweza kuilipia.

Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS. Kisha mwezi wa Agosti 2019 wenye mchezo wakafanya jambo ambalo sikulitarajia: wakafungua upya toleo la zamani, wakiliita Classic, wakilijenga juu ya toleo 1.12, lile lile la mwaka 2006. Mnaelewa maana yake? Mwongozo wangu wa flashi, wenye umri wa miaka 13, ulikuwa bado sahihi hadi nukta ya mwisho. Sijui programu gani nyingine duniani ambayo ningeweza kusema hivyo.

Nilianza Oktoba 2019 nikiwa kazini Nairobi, pamoja na mdogo wangu aliye Dubai kwenye ghala la mizigo. Hilo ndilo lililokuwa lengo hasa. Umoja wa Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp, na simu ya kawaida inakula pesa, lakini mchezo hauzuiwi, na ukishapakua zile jigabaiti za mwanzo, saa nzima ya kucheza hula megabaiti chache tu. Yeye alichukua askari, mimi mganga, wote wa kabila la Tauren, watu wenye vichwa vya ng'ombe. Alisema hakuna Mluhya anayeweza kuchagua kabila jingine akiwaona hawa, na ukishawahi kwenda Kakamega kuona mafahali wakipigana utamwelewa.

Sasa, kumpandisha mganga. Hadi ngazi ya 18 nilikosea kila kitu. Nilimcheza kama mchawi: narusha radi, narusha radi, mana inaisha, nakaa chini kunywa maji. Tatizo ni kwamba radi inahitaji muda wa kuandaliwa, na zimwi likikufikia na kukupiga kila pigo linausogeza mbele muda huo. Mchawi ana barafu ya kumzuia adui. Mganga mwanzoni hana, ana ngao mkononi na matumaini. Tena kuanzia ngazi ya 10 unapewa pointi moja ya kipaji kila ngazi, na kuna miti mitatu ya kuzipanda: radi, rungu na tiba. Mimi nikazigawa sawasawa, nikijiona mwenye busara. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika matatu.

Kuzifuta pointi hizo na kuanza upya hulipiwa dhahabu moja mara ya kwanza, mara ya pili tano, kisha inaongezeka tano tano hadi 50. Kwa mtu wa ngazi ya 18 dhahabu moja ni mshahara. Nililipa. Nikaweka zote upande wa rungu.

Hapo ndipo nilipoelewa mganga anapandishwaje. Huendi ukitumia vyote ulivyo navyo. Unachukua silaha moja nzito ya mikono miwili, ya polepole, unaipaka uganga wa mwamba, unapiga nayo, na mana yako unaificha. Ndiyo, unaificha. Kwenye mchezo huu kuna sheria ya sekunde tano: ukitumia mana, roho yako haikurudishii chochote hadi sekunde tano zipite, kisha inaanza kurudisha kila baada ya sekunde mbili. Anayerusha kitu kidogo kila sekunde nne hapati kitu kamwe. Anayenyamaza sekunde kumi anapata. Basi mana inabaki kwa mambo mawili: kujitibu, na kumkatiza adui anapotaka kurusha uchawi wake. Ukifika ngazi ya 30 unabadilisha mwamba kwa upepo, ule wanaouita Windfury, ambao kila pigo lina nafasi ya asilimia 20 ya kuzaa mapigo mawili ya ziada. Mara ya kwanza iliponishukia, zimwi lilianguka kabla sijajua nini kimetokea. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kati ya hapo kuna ngazi ya 20 na totemu ya maji, ambayo haiuzwi dukani. Unatumwa kuchota maji kwenye nyika ya Barrens, kwenye kisima cha Tarren Mill kilichoko bara jingine kabisa, kisha msitu wa Ashenvale, na unamalizia Silverpine. Kwa miguu, zaidi. Nilitumia jioni mbili. Mdogo wangu alinisindikiza njia nzima ingawa yeye hapati chochote kwenye kazi hiyo, ni ya waganga peke yao. Tuliongea sana safari ile.

Machi 2020 nilirudi Matayos. Ofisini nilikuwa ndiye wa kila kitu: tovuti, hifadhidata, mtandao wa ofisi, hata printa ikikwama ninaitwa mimi. Corona ilipoingia wakapunguza watu, wakabaki na yule wa hifadhidata peke yake na yule wa tovuti peke yake. Sitaitaja ofisi. Nilifunga kompyuta nikapanda matatu kabla Nairobi haijafungwa.

Kwetu ni upande wa kuelekea mjini, na wanaoishi karibu na mpaka wanajua shida yake: minara ya Uganda inafika vizuri kuliko ya kwetu. Modemu ikidakwa na mnara wa ng'ambo, data yako haitokei pale. Inakwenda Kampala, inarudishwa Nairobi kwenye mtandao wako wa nyumbani, ndipo ishuke Mombasa na kuzama baharini kuelekea seva za Ulaya. Siku njema nilikuwa napata milisekunde 190. Modemu ikivuka mpaka bila pasipoti, 400 na zaidi. Malaba na Busia kwenyewe malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu yakisubiri madereva wapimwe Corona, na mimi nasema pakiti zangu zilikuwa zinavuka mara mbili bila kupimwa.

Kwa askari milisekunde 400 ni kero. Kwa mganga ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu tiba kubwa huchukua sekunde tatu kuiandaa. Ukiona mwenzako ameumia ndipo uanze, umechelewa: unachokiona ni cha zamani, na amri yako nayo itafika baadaye. Dawa niliyoipata ni kuanza kutibu kabla hajaumia. Naanza ile tiba ya sekunde tatu mwenzangu akiwa mzima. Karibu na mwisho, kama bado mzima, naifuta, na tiba iliyofutwa haikati mana. Kama ameumia naiacha imalizike. Pia unatumia tiba ya daraja la chini, iliyo rahisi, badala ya ile mpya ya bei ghali. Wenye mchezo wenyewe walisaidia bila kujua: mwaka 2019 Classic ilikuwa inakusanya matendo fulani na kuyatekeleza kwa mafungu ya kama milisekunde 400, ili iige tabia ya seva za zamani. Watu wa Ulaya wenye milisekunde 20 walilalamika sana. Mimi nilifurahi kimyakimya.

Niliandika na programu ndogo ya kunisaidia. Viongezo vya mchezo huu huandikwa kwa Lua, lugha iliyozaliwa Brazil mwaka 1993, na ni nzuri sana kwa anayeanza. Yangu ilikuwa mistari kama 60: inasikiliza tukio la UNIT_SPELLCAST_SUCCEEDED, inaanza kuhesabu sekunde tano, inasoma ucheleweshaji kwa GetNetStats, kisha inachora mstari mwekundu mahali ambapo ni lazima niamue kufuta au kuacha. Ni programu bora kuliko nyingi nilizolipwa kuziandika.

Tulikuwa ngazi ya 40 na kitu, Juni 2020, nyanya alipofariki. Alfajiri. Mama aliniagiza nimwambie mdogo wangu kwa sauti, si kwa maandishi, na nisubiri atoke zamu. Zamu yake iliisha saa nne usiku kwa saa za Dubai, saa tatu kwetu. Nilinunua muda wa maongezi, nikapiga, hapokei. Nikafungua kompyuta. Alikuwa ameshaingia mchezoni moja kwa moja, vipokea sauti masikioni, anapigana, na aliponiona tu akaanza kunieleza habari za shoka jipya. Nikamwandikia: Pokea simu. Akauliza kuna nini. Nikaandika tena: Pokea simu.

Tuliongea hadi muda wa maongezi ukaisha. Kwenye skrini askari wake alisimama bila kujitetea hadi akaanguka. Mganga anajua kufufua tangu ngazi ya 12, huchukua sekunde kumi, na aliyekufa ni lazima akubali kwa kubofya. Nilimfufua kwa mazoea tu. Hakubofya. Baadaye akaandika: Usinifufue kwanza, kaka.

Ndege zilikuwa zimesimama toka Machi, hazikurudi hadi Agosti. Hakuja. Usiku wa mazishi tulikutana kwenye nyumba ya wageni ya kijiji cha Bloodhoof, karibu na pale tulipoanzia, akataka nimsimulie yote: nani alikuja, nani alizuiwa, jeneza la rangi gani, mjomba alisema nini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Ujumbe mmoja humo ndani hauzidi herufi 255. Nilisimulia mazishi ya nyanya yangu kwa vipande vya herufi 255, karibu saa mbili, na stima haikukatika, jambo ambalo wa kwetu watalishangaa. Wachezaji wengine walipita wakiuza ngozi na dawa.

Tulicheza kidogo baada ya hapo, ngazi ya 47 tukaishia. Mimi nikapata kazi za mbali, yeye zamu zikabadilishwa. Mei 2021 walipotutaka tuchague kuhamia toleo linalofuata au kubaki, mganga nilimbakiza.

Mdogo wangu alikuja nyumbani Desemba 2021. Alikwenda kaburini kwanza, peke yake. Usiku tukalipia mwezi mmoja tukafungua. Kuna jambo sikulisema: mhusika anayelala kwenye nyumba ya wageni hukusanya pumziko, asilimia 5 ya ngazi kila saa nane, na akiwa amepumzika kila zimwi analoua humpa uzoefu maradufu. Pumziko lina kikomo, ngazi moja na nusu. Waganga na askari wetu walikuwa wamekaa palepale Bloodhoof, mstari wa bluu umejaa hadi mwisho. Akavuta kiti karibu, akauliza kama ile programu yangu ya mstari mwekundu bado inafanya kazi. Haikufanya. Tukaanza kuitafuta hitilafu.