Nyoka Mweusi wa Maghalani

Katika mashamba ya mashariki ya Marekani yumo nyoka mweusi, mrefu, ambaye mara nyingi huuawa kwa makosa ya nyoka wengine. Wenyeji humwita nyoka wa panya, na mwaka 1823 mtaalamu Thomas Say alimweleza katika maandishi ya sayansi. Hana sumu.

Akikomaa hufikia mita moja na nusu, na wapo wanaopita mita 2. Mgongo wake ni mweusi wa kung'aa, koo ni jeupe. Magamba ya tumboni yana kona pembeni, nayo hukamata nyufa za gome. Hivyo huweza kupanda mti uliosimama wima kama apandaye ngazi.

Chakula chake hasa ni panya. Hufuata harufu kwa ulimi, humwuma panya, humviringa na kumbana mpaka afe, ndipo ammeze mzima. Paka hawezi kumfuata panya tunduni, yeye huweza. Ndiyo sababu wako wakulima wanaomwacha akae ghalani kama mlinzi asiyedai mshahara. Mama mwenye kuku, hata hivyo, ana haki ya kunung'unika, kwani mayai na vifaranga navyo huliwa. Wako hata waliomeza mayai ya bandia yaliyowekwa kiotani kuwashawishi kuku watage, na adhabu yake si ndogo, maana yai la kauri haliyeyuki tumboni.

Akitishwa, kwanza hutulia tuli, mwili umejikunjakunja. Akizidi kusumbuliwa hutoa uvundo, huweza kuuma, na huutikisa mkia katika majani makavu hata usikike mlio kama wa yule nyoka mwenye njuga mkiani, ambaye sumu yake huua. Hila hiyo yaweza kumfukuza mnyama. Mtu mwenye jembe mkononi humtia hofu, naye hupiga. Tena wakati wa baridi hulala katika mapango pamoja na hao wenye njuga, jambo linalomzidishia jina baya. (Msomaji asidhani kwamba haya ni ruhusa ya kumshika nyoka asiyemjua.)

Mwanzoni mwa kiangazi jike hutaga mayai kumi hivi au zaidi ndani ya gogo lililooza, kisha huenda zake. Baada ya miezi miwili hivi hutoka watoto wa sentimita 30, si weusi bado, bali wa kijivu wenye mabaka, nao tayari wanajua kutikisa mkia.