Fremu ya Titaniamu kwa Mfuko Mwembamba

Katika mambo yanayomstaajabisha mtu wa Tanga anapohamia Uingereza na kuanza kuchangamana na wapanda baiskeli wa huku, hakuna linalomkaa moyoni kama kule kusikia kwamba baiskeli ya fulani imepata ufa katika fremu, na kwamba mwenyewe, badala ya kumwendea fundi, anatafuta fremu nyingine. Kwani kwetu sisi tuliolelewa na Phoenix na Raleigh, kinachokufa ni cheni, au gololi, au tairi, na fremu ndiyo inayosalia ikirithiwa na watoto, hata rangi yake ya asili ikiwa imekwisha kusahauliwa na wote. Sasa msiba huo umenifika mimi pia, maana fremu yangu ya titaniamu, niliyoinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, imepasuka chini kidogo ya kiti, nami nimelazimika kuichungua bidhaa hii kwa jicho la mtu asiye na fedha za kuchezea.

Titaniamu ina uzito wa gramu 4.5 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali feleji hukaribia 7.8, nayo haishikwi na kutu wala haihitaji kupakwa rangi. Si madini adimu: jirani zetu wa Kwale wameona mchanga wao ukichimbwa kwa ajili yake tangu mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024, ingawa sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupakia kuta. Ughali wake umo katika kuitenga na mawe yake, na zaidi katika kuilehemu, kwa sababu ikishapata moto mkali huinywa hewa iliyoizunguka, na pale ilipoinywa hukakamaa ikawa tayari kupasuka. Hivyo fundi wake hana budi kuifunika kwa gesi ya argoni, nje ya bomba na ndani yake, mpaka ipoe.

Hapo ndipo zinapoachana njia za kwetu na za huku. Fundi wa Ngamiani, kwetu Tanga, akiletewa fremu ya feleji iliyokatika, huingiza kipande cha bomba jembamba ndani ya lile lililovunjika, akayaunga kwa shaba ya manjano na moto wa gesi, na jioni ile ile mwenye baiskeli hupakia magunia yake akaenda zake. Na kazi hiyo, ingawa haina uzuri wa kutazamwa, aghalabu humshinda umri mwenye baiskeli. Titaniamu haiukubali ukarimu huo. Wapo mafundi wachache huku wanaoitengeneza, walakini kupitisha lehemu juu ya ufa tu hakufai, maana ufa hurudi pembeni mwa lehemu hiyo, na kubadilisha bomba zima kwaweza kukaribia bei ya fremu iliyokwisha kutumika.

Basi mtu hununua. Fremu mpya za karakana mashuhuri za Marekani na Ulaya hushinda paundi 2,000, na tusiendelee kuzitaja. Zipo za China, nyingi zikitoka upande wa Baoji katika jimbo la Shaanxi, ambako titaniamu ni kazi ya mji mzima, na karakana za huko hukukatia mabomba kwa vipimo vya mwili wako kwa bei iliyo chini sana kuliko hiyo. Lakini ikumbukwe kwamba forodha ya Uingereza hutoza kodi ya asilimia 20, nayo huhesabiwa pamoja na nauli ya mzigo. Zilizotumika ndizo rahisi kupita zote, ila dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida humfuata mnunuzi wa kwanza tu, haihami na fremu anapoiuza.

Walakini bei ya fremu si hesabu yote, wala si nusu yake. Fremu ngeni huja na madai yake, na mwenye mfuko mwembamba asipoyasoma madai hayo kabla ya kulipa, atajikuta ananunua baiskeli nzima kipande kwa kipande. Gurudumu la nyuma la zamani lenye habu ya milimita 130 halitakaa katika fremu iliyotengenezwa kwa 142 na breki za diski. Foku yenye shina lililonyooka huweza kuingia katika kichwa kipana cha milimita 44 kwa kutumia beringi zinazofaa, lakini foku iliyopanuka chini haiingii katika kichwa chembamba cha kale. Kadhalika bomba la kiti: la milimita 27.2 huweza kuvishwa pete likatumika katika fremu ya 31.6, na kinyume chake hakiwezekani. Kwetu taabu hii haikuwapo, kwani Phoenix ya Shanghai na Hero ya India zilifuata umbo lile lile la baiskeli ya Kiingereza lenye magurudumu ya inchi 28, hata kipuri cha moja kikamfaa jirani yake. Na nakiri kwamba katika jambo hili watu wa huku, kwa elimu yao yote, wamejitia katika mashaka ambayo sisi tuliepushwa nayo.

Rai yangu ni hii: asiyekuwa na vifaa vya kuhamishia, na asiye na haja ya wepesi wa mashindano, na anunue feleji, ambayo fundi yeyote ataiunga. Aliye na vifaa vizuri vya zamani atafute titaniamu iliyotumika inayovikubali vyote, yenye nyumba ya ekseli ya pedeli iliyotiwa hesi, si ile ya kugongomewa. Na kabla hujatoa hata paundi moja, ndugu msomaji, mtake muuzaji akupigie picha za karibu, fremu ikiwa imeoshwa, za maungio ya chini ya kiti, ya kichwani na ya kwenye pedeli. Lehemu iwe na mng'ao wa fedha, isiwe ya buluu wala nyeupe ya chokaa. Akisema hana nafasi ya kupiga picha hizo, mwache na fremu yake.