Watani wa Bendi

Mwaka 1982 nilikuwa nasoma katika chuo kimoja jimbo la Ohio, Marekani, na nilipiga tromboni kwenye bendi ya gwaride ya chuo. Siku za mechi za futiboli ya Kimarekani tulipiga kwata uwanjani wakati wa mapumziko, nyuso zimekazwa. Watazamaji hawakujua ni mizaha mingapi ilikuwa ikipita chini kwa chini.

Kwenye gwaride, tromboni huwekwa safu ya mbele, maana mpigaji akinyoosha mrija wake humgonga mgongoni aliyemtangulia. Wapiga ngoma walikuwa na maelezo yao: tumewekwa mbele ili tufe kwanza.

Ikafika Novemba 20. Kule Berkeley, timu za vyuo vikuu vya California na Stanford zilikuwa zikicheza. Zikiwa zimebaki sekunde 4, Stanford wakiongoza 20 kwa 19, California waliupokea mpira na kuanza kurushiana, mara 5. Bendi ya Stanford ikadhani mchezo umekwisha, ikamiminika uwanjani. Kevin Moen akapenya katikati ya wanabendi, akafunga, na papo hapo akamwangusha mpiga tromboni, Gary Tyrrell. California wakashinda 25 kwa 20.

Mazoezi yaliyofuata, wapiga ngoma walitusubiri mlangoni. "Si tuliwaambia?" Tangu hapo, kila tulipomaliza mazoezi, mmoja wao alipiga kelele, "Anakuja!" nasi safu nzima tukajitupa majanini, kila mtu kakumbatia tromboni yake. Mgeni alibaki ameduwaa, na hakuna aliyemfafanulia mpaka amalize msimu mzima nasi.

Mimi ni Mnyamwezi, nimekua nikiona Wazaramo wakitutania nasi tukiwatania. Kule Ohio nilizikuta sheria nilizozijua: kundi hulitania kundi, mnyonge hachaguliwi peke yake, na anayetaniwa ana haki ya kujibu. Lafudhi yangu na ufukara wangu havikuguswa hata mara moja.

Mwaka uliofuata ikaja telegramu kutoka Tabora: baba amefariki. Nauli ya kurudi kuzika sikuwa nayo. Jioni ile wapiga ngoma walijaa chumbani kwangu na vyakula mikononi. Walikaa nami kimya muda mrefu. Kisha mmoja akasema taratibu kwamba, kwa kuwa tromboni wamezoea kuangushwa, usiku huu ngoma ndio watakaa mbele. Nikacheka huku machozi yakinitoka. Nyumbani, kazi hiyo ya kumpa mfiwa pumzi ni ya mtani.

Ninyi vijana wa bendi za shule na vyuo vyetu, tanianeni bila kuchoka, kwani ndivyo wageni wanavyogeuka ndugu. Ila kabla ya kumtania mwenzio, jiulize kama utafika msibani kwake. Asiyefika si mtani, ni mchokozi.