Jicho Halipimi Figo

Binti yangu alipoanza kuamka macho yamevimba, majirani walimsifu kwamba amenawiri. Kumbe ni maji. Mkojo wake ulikuwa na povu zito, na kipimo kikaonyesha figo zinavujisha protini. Akaandikiwa prednisoloni, vidonge vidogo vya kumeza asubuhi baada ya kula. Watoto wanane au tisa kati ya kila kumi wenye ugonjwa huu wa nefrotiki hupata nafuu kwa dawa hiyo ndani ya wiki nne hadi sita.

Uvimbe ulipokwisha, mashavu yakawa ya mviringo kwa sababu ya dawa. Akawa na njaa isiyoisha, akilia kwa jambo dogo. Waliomsifu wakati anaumwa ndio sasa waliomhurumia wakati anapona. Mama mkwe, kwa mapenzi, alinisihi: “Mwanangu, achana na hizo dawa, zinammaliza mtoto.”

Nilimwelewa, maana na mimi uso ule uliniuma. Lakini kila asubuhi nilichovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo na kulinganisha rangi na zile za ubavuni mwa kopo la vijiti hivyo. Kikibaki njano, hakuna protini. Kikigeuka kijani, ipo. Nikaandika kwenye daftari. Tangu hapo naamini daftari lile kuliko macho ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Ugonjwa ulirudi baada ya mafua. Watoto wengi hurudiwa, na haina maana kwamba mzazi ameshindwa wala dawa imekataa. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu anahitaji subira zaidi: huenda akatumia dawa hata wiki 16 kabla ya kujulikana kama imemfaa, huku akipimwa presha na sukari.

Kinachonitia hofu hasa ni wanaokatiza dawa kimyakimya. Mwili ukiizoea, tezi zilizokaa juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya kutosha. Dawa ikikatika ghafla, mgonjwa anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka hata akafa. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo.

Mzazi mwenzangu, sura ya mwanao ikikutisha, mrudishe kliniki useme wazi yanayokusumbua. Akiwa kwenye dawa hii akakaa karibu na mwenye tetekuwanga au surua, usingoje vipele, mwahishe hospitali siku hiyohiyo. Vidonge usivikatize mwenyewe, hata siku moja.