Sauna ya Shemeji, Tampere

Ukitua Helsinki unapanda treni, unabadilisha Tikkurila, kisha kwa kama saa moja na nusu hadi Tampere ni miti tu. Mimi ni mtoto wa Mafinga, nimekulia kati ya misindano na milingoti, na baba yangu alisomesha watoto kwa randa na msumeno. Kwa hiyo macho yangu hayakutoka dirishani. Ilikuwa Februari, theluji imefunika mashina, na kwenye kila kituo cha njiani niliona magogo yaliyopangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona popote.

Dada yangu ameolewa na Mfini aliyefanya kazi ya upandaji miti Njombe, ndiyo maana shemeji anaongea Kiswahili cha kule juu, chenye "kamwene" ndani yake. Walikuwa wamenunua nyumba ya mbao ya zamani iliyokosa kitu kimoja, sauna. Nchi ile ina watu kama milioni 5.5, na sauna zake zinakadiriwa kufikia milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Shemeji aliamua kugeuza stoo iliyo kando ya bafu kuwa sauna, na alipojua nakuja akaniambia nije na mikono yangu.

Nilidhani tutaanzia dukani. Yeye alinipeleka Pispala, mtaa wa mlimani, kwenye sauna ya umma iitwayo Rajaportti, inayofanya kazi tangu 1906. "Huwezi kuchagua jiko kabla hujajua unatafuta mvuke gani," alisema. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na ndani watu hukaa uchi bila kutazamana. Mtu wa kwetu jambo hilo linamshika koo, tena ukiwa na shemeji. Alinipa taulo nijifunge, na hakuna aliyegeuza shingo.

Jiko la pale ni kubwa, la matofali, na ndani yake kuna mawe mengi. Huwashwa kwa kuni mapema, moto unaachwa uishe kabisa, ndipo watu wanaingia kuoga kwa joto lililobaki ndani ya mawe. Mzee mmoja alimwaga maji kidogo. Nilitegemea kishindo cha mvuke usoni, kama ule wa nyungu unapofunua blanketi. Haukuja. Ulipanda taratibu hadi darini, ukashuka mabegani, ukazunguka mgongo mpaka miguuni. Wafini wanauita löyly, na niliponyanyuka pale nilikuwa nimeelewa kwa nini shemeji alikataa kuanzia dukani.

Kesho yake tukapima stoo: mita 2 kwa 1.8, kimo mita 2.4. Hesabu yake ni mita za ujazo 8.6. Jiko la umeme la sauna hukisiwa kwa kilowati moja hivi kwa kila mita ya ujazo, lakini dada alitaka mlango wa kioo na ukuta mdogo wa kioo upande wa bafu, ili chumba kisiwe na giza. Kioo na vigae hunyonya joto. Watengenezaji wanaelekeza kuongeza mita za ujazo 1.2 kwa kila mita ya mraba ya ukuta usiokingwa. Vioo vya dada vilikuwa mita za mraba 2.5, kwa hiyo jiko litaona chumba cha mita za ujazo zaidi ya 11. Jiko ambalo lingetosha chumba cha mbao tupu lingebaki kuhangaika. Walichukua la kilowati 9, linalofaa mita za ujazo 8 hadi 14, refu, lenye mawe mengi pande zote. Mawe mengi huchelewa kupata moto lakini mvuke wake ni laini. Jiko la kuni lingeshinda, hilo hata shemeji alikiri, ila ndani ya nyumba lingedai bomba la moshi lipasue paa, na pesa hiyo hawakuwa nayo.

Kwenye rafu za mbao za duka la vifaa vya ujenzi ndipo nilipokwama. Mbao za mabenchi hazitakiwi kuwa na vifundo wala utomvu, kwa sababu kwenye nyuzi 80 kifundo huunguza ngozi na utomvu huyeyuka ukaganda kwenye paja. Msindano wetu, mbao iliyonisomesha, hapo haufai. Wafini hutumia miti ya kwao, kama haapa na leppä. Lakini kando yake kulikuwa na mbao nyeupe, nyepesi, isiyo na kifundo hata kimoja, imeandikwa abachi. Huo ni mti wa Afrika Magharibi. Ghana wanauita wawa, Nigeria obeche. Haushiki joto, unaukalia kwenye moto wote ule bila kuruka. Nilipitisha kidole kwenye uso wake kwa muda mrefu. Mti wa bara letu umesafiri hadi kwenye theluji na kukaa mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba ya watu, na mimi fundi wa mbao wa Afrika nilikuwa siujui. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Tukainunua.

Kazi yenyewe iko mahali pasipoonekana. Kwanza sakafu, tabaka la kuzuia maji kabla ya vigae, lipande kidogo ukutani. Kuta na dari zikawekwa bodi ngumu za povu zenye karatasi ya alumini, alumini ikitazama ndani, na kila kiungo kikazibwa kwa utepe wa alumini. Shemeji alipita na kurunzi akitafuta tundu la sindano, maana mvuke ukipenya nyuma ya alumini utaozesha nyumba kimyakimya. Juu ya alumini tukapigilia papi, ili pawe na nafasi ya hewa nyuma ya mbao za ukuta, zikauke baada ya kila kuoga. Mbao hizo zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Huko nilikuwa nyumbani. Pima maji, nyundo, na mdundo wa kazi nilioujua tangu utoto.

Kwenye mabenchi shemeji alinizuia kidogo. Skrubu zote zilipigwa kutokea chini, kwa maana kichwa cha skrubu kikiwa juu kitamchoma mtu kama muhuri. Benchi la juu tukaliweka mita 1.1 kutoka darini, na la kuwekea miguu chini yake. Kanuni ni kwamba miguu isiwe chini ya usawa wa mawe. Wengi hujali jiko saa ya kununua wakasahau hili, kisha wanakaa vichwa vikiungua na vidole vya miguu vikiganda. Tundu la hewa safi likatobolewa juu ya jiko, la hewa chafu chini ya mabenchi, upande wa pili. Mlango unafunguka kwa nje na hauna kitasa cha kufunga, ili anayezidiwa ausukume tu.

Umeme hatukuugusa. Fundi aliyesajiliwa alikuja, akafunga waya za njia tatu, akapima, akaandika cheti, akaondoka. Shemeji akaosha mawe moja moja na kuyapanga kwa kulegeza, hewa ipite katikati. Moto wa kwanza ulikuwa wa kuondoa harufu ya kiwandani tu, madirisha wazi, sote nje ya chumba.

Mama mkwe wa dada ndiye aliyeingia mwanzo, na dada pamoja naye. Tulisikia maji yakimwagwa, kisha kimya, kisha mazungumzo marefu ya Kifini. Alipotoka, uso mwekundu, aliinamia vidole vyake vya miguu akavigusa na kutikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akamwambia mwanawe kwamba benchi la chini ni jembamba, wajukuu hawataweza kulala juu yake. Asubuhi nilishika bisibisi, nikajilaza chali chini ya mabenchi, nikaanza kufungua skrubu.