Nilimtangaza Amepona

Mwanangu alipoanza kuunganisha sentensi, akiwa na miaka saba, niliwapigia simu ndugu zetu kuanzia Morogoro hadi Tanga kuwaambia amepona. Hakuwa amepona, maana hakuwa mgonjwa. Daktari alishatueleza mapema: usonji ni namna ubongo ulivyojengeka tangu tumboni, si homa ya kusubiri ishuke. Mama yake alielewa. Mimi nilidaka ile sehemu ya mazoezi ya kuzungumza tu, nikayachukulia kama dozi: ukiimaliza, basi.

Nikaanza kubomoa kila kilichokuwa kinamshikilia. Ukutani kando ya kitanda chake, mama yake alikuwa amebandika ratiba ya picha alizozichora kwa kalamu za rangi: mswaki, kikombe cha chai, viatu, basi la shule. Kila asubuhi mtoto alizigusa moja moja kwa kidole ndipo ainuke. Tulipokuwa tunategemea wageni wa Pasaka, niliibandua. Nisifiche: niliona haya. Mazoezi nikayasimamisha, hela yake nikaipeleka kwenye ada ya bweni, kwa kuamini kuwa kilichobaki ni deko, na mwenye kumdekeza ni mama yake. Hilo nalo nilimwambia usoni.

Bweni lilimshinda kabla muhula haujaisha. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni na kugongwa kwa nondo. Kwangu ni kelele tu. Kwake yalikuwa maumivu ya mwili. Bwaloni ndiyo usiseme, na zile sahani za bati. Aliacha kula, halafu akaacha kusema. Mlezi wa bweni akanipigia: mtoto jeuri, anajificha uvunguni na kuziba masikio. Simlaumu sana. Fomu ya kujiunga iliuliza hali ya afya ya mtoto, nami kwa mkono wangu nikaandika "hana tatizo lolote".

Nilipomrudisha nyumbani ndipo nikasoma nilichopaswa kukisoma zamani. Mwaka 1943 huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wenye usonji. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alisoma chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu na kutembea nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na usonji ulikuwa wake hadi mwisho. Kweli, benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na wangapi wetu wana benki? Lakini watu wa Forest hawakumsubiri abadilike. Walimzoea.

Maneno ya mwanangu yalirudi polepole, mengine hayajarudi. Sasa ni kijana. Ratiba yake ameihamishia kwenye simu, anaipanga mwenyewe, na ole wako uiguse. Nimemwomba radhi yeye na mama yake. Yeye aliniuliza kama kesho kuna chapati. Mama yake alisema amesikia, na mpaka leo hajaongeza neno.

Shangazi yake bado anamwombea apone, na tukimtembelea humwekea mikono kichwani. Simbishii kuhusu sala. Ninachomwomba ni amuulize kwanza kama anataka kuguswa, na apunguze redio.